Flapu za ndege ya kujijengea: chini zinashuka freshi, hewani zinagoma. Tatizo nini?

MbawaZaBati (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Niko Texas, nina RV-7 niliyoijenga mwenyewe gereji, zile ndege za vipande vinavyotoka Van's kule Oregon. Imeruka muda mrefu haijanisumbua cha maana, sasa imeanza vituko upande wa flapu. Nikiwa chini, injini iwe inawaka au imezimwa, nabonyeza swichi zinashuka mpaka digrii 40 na kupanda zinapanda. Nikiwa hewani naenda kutua zinashuka kama robo hivi, halafu mota unaisikia inaguna, inapoteza nguvu, inasimama. Nikibonyeza juu zinarudi haraka kama hakuna kilichotokea. Breka (ile ya kukata umeme ukizidi) haijaruka hata siku moja.

Jumamosi nimetua bila flapu kabisa. Ranwei yetu ni ndefu kwa hiyo haikuwa shida, ila nataka kwenda kwa ndugu yangu Arkansas na kiwanja cha huko ni nyasi, kifupi, na miti iko mwishoni.

Nawahi maswali: nashushia kwenye maili 90 kwa saa, kikomo cha flapu zote ni 100 (noti 87, yaani maili za baharini kwa saa), kwa hiyo spidi sijazidisha. Mota ni ile ya zamani yenye skrubu ndefu, iko katikati nyuma ya viti, haina swichi za kikomo, ikifika mwisho inazunguka bure. Hakuna kompyuta katikati, ni breka, swichi, waya, mota basi. Mwenye uzoefu atiririke.

FundiAmecha
Mkuu mimi ni fundi umeme wa magari Arusha, ndege sijawahi kushika lakini mota ya DC ni mota ya DC. Mota inayozunguka vizuri ikiwa haina mzigo halafu inakufa ukiipa mzigo, asilimia kubwa ni kaboni (zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha au zimechafuka. Nafungua mota za wipa na za vioo kila siku ziko hivyo hivyo. Fungua uangalie amecha, ile sehemu inayozunguka ndani, ukikuta nyeusi na ina utelezi umemaliza kazi.

Kapteni_Mzizima
@FundiAmecha hapo umegonga penyewe bila hata kuiona ndege. Kwa mota hizo za RV za zamani hilo ni tatizo linalojulikana, grisi ya upande wa gia inapenya taratibu inaingia upande wa kaboni, ikichanganyika na unga wa kaboni inakuwa tope. Watu wanafungua, wanasafisha na dawa ya kusafishia kontakti, inarudi kufanya kazi kwa muda, halafu grisi inarudi tena. Wengine wamechoka wakanunua mota mpya.

NyotaMtoto
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya, hivi mtu anajengaje ndege gereji halafu serikali inamwachia aruke nayo? Na hizo flapu kazi yake ni nini hasa?

MbawaZaBati
@NyotaMtoto karibu. Marekani ipo sheria, ukithibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuijenga umeifanya wewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, inakaguliwa, inapewa cheti cha ndege ya majaribio, halafu kuna kipindi cha kuijaribu ukiwa ndani ya eneo ulilopangiwa. Kwa kawaida ni saa 25 au 40 kutegemea injini na propela ulizofunga. Aliyejenga anaweza kuombea cheti cha kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka yeye mwenyewe; matengenezo kama kufungua hii mota hayahitaji hata hicho cheti.

Flapu ni vile vipande vya nyuma ya bawa karibu na bodi, vinashuka wakati wa kutua. Bawa linabeba zaidi kwa spidi ndogo, na upepo unaivuta ndege nyuma, kwa hiyo unaweza kushuka kwa mwinuko mkali bila spidi kupanda. Bila flapu ndege inatua, tena vizuri tu, ila inakuja kasi na inaelea sana kabla haijagusa.

Muscat_Umeme
Assalaam alaikum. Mzee msikimbilie kufungua mota, kwanza pima. Mimi kazi yangu umeme huku Muscat, na kesi kama hii tisa kati ya kumi ni volti zinapotea njiani. Chukulia waya na maungio yake yana ukinzani wa ohm 0.2 kwa jumla. Mota ikivuta ampea 5 unapoteza volti 1, huioni. Ikibebeshwa mzigo ikavuta ampea 10 umepoteza volti 2, ikizidi hapo mota inabaki inaguna tu. Na breka hairuki, kwa sababu huo ukinzani wenyewe ndio unaozuia umeme usifike kiwango cha kuirusha. Hiyo dalili yako ya breka kutoruka ndiyo inayonifanya niseme hivi. Angalia waya wa ethi (ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) kabla ya kitu chochote, hasa kama umeufunga kwenye alumini iliyopigwa rangi.

FundiAmecha
@Muscat_Umeme mkuu sikupingi ila kuna kitu kinanikataa. Chini injini ikiwa imezimwa anatumia betri tupu, volti 12 na kitu. Hewani alternata inachaji, anakuwa na 14. Kama ni volti, ilitakiwa hewani iwe na afadhali kuliko chini. Mbona ni kinyume?

Muscat_Umeme
Hoja nzuri wallahi. Jawabu lake ni mzigo. Chini hakuna upepo unaosukuma flapu, mota inanyanyua hewa tu. Hiyo nyongeza ya volti haifui dafu mbele ya mzigo wa upepo kama ethi ni mbovu.

WilsonKona
Wadau niaje. Mimi ni instrakta wa urubani hapa Nairobi, uwanja wa ndege wa Wilson. Nawasoma mkiongea umeme, sawa, lakini hapo kwa spidi msipapite haraka. Nguvu ya upepo kwa flapu inaenda na spidi mara spidi. Ukitoka noti 70 ukaenda 87 spidi imeongezeka kama robo tu, lakini mzigo umepanda asilimia 54. Jamaa anasema anashushia maili 90, hizo ni kama noti 78. Ako ndani ya kikomo, sawa, lakini kikomo ni cha vyuma kisivunjike, si ahadi ya kwamba mota iliyochoka itaweza. Swali langu kwake: ukipunguza mpaka maili 75 flapu zinashuka zote ama bado? Kama zinashuka, tujue mota iko hai lakini imechoka ama inanyimwa umeme. Kama hata hapo zinakwama palepale kwa robo, hiyo si mota, kuna chuma kinagusa chuma.

Na pia, airspeed yako (saa ya spidi) uliwahi kuicheki? Kwa ndege za kujijengea tundu la hewa ya static (la kupimia presha ya hewa ya nje) likikaa vibaya kidogo unasoma 90 kumbe uko 100.

MbawaZaBati
@WilsonKona airspeed niliihakiki na GPS pande nne wakati wa majaribio, tofauti ni ndogo. Hilo la maili 75 sijajaribu, ni wazo zuri. Asante.

Mnana_wa_Florida
Naomba niwatishe kidogo kwa sababu naona wote mko kwenye umeme. Nilinunua ndege ya kujijengea iliyotumika, aliyeijenga alikuwa mtu makini kwa kila alichokiandika kwenye logibuku. Siku hiyo nageuka kuingia mstari wa kutua nikabonyeza flapu, ndege ikaanza kujilaza upande wa kulia. Haikuruka ghafla, ilijilaza, kama vile mtu amekaa kwenye bawa. Nikaweka stiki kushoto, bado inataka kwenda kulia na stiki inazidi kuisha. Kidole kilikuwa bado kwenye swichi nikairudisha juu, flapu zikapanda, ndege ikanyooka. Nikatua bila flapu.

Chini nikaenda upande wa kulia, nikashika ukingo wa nyuma wa flapu nikautikisa, ikaja mkononi juu chini kama mlango usio na kitasa. Pushirodi (fimbo inayosukuma flapu) ilikuwa imeachia, bolti ya rodendi (kiungo cha mwisho wa fimbo) imetoka. Nati yake niliikuta chini kwenye bodi, na ilikuwa nati ya kawaida, siyo ile ya kujibana wala ya pini. Flapu ya kushoto inashuka, ya kulia imebaki juu inapeperushwa na upepo, bawa la kushoto linanyanyua, unalala kulia.

Kwa hiyo kabla hujagusa multimita tikisa flapu zote mbili kwa mkono. Angalia rodendi zote, loknati zimebana, zile alama za rangi ulizopaka kwenye nati hazijapasuka. Na kile kichwa cha skrubu ya mota, kifungwe lokwaya, ule waya wa kuzuia kisifunguke. Bila lokwaya skrubu ikizunguka bure kule mwisho inaweza kujifungua yenyewe polepole.

Kapteni_Mzizima
Hii ya @Mnana_wa_Florida wajenzi waikariri. Flapu ikiwa upande mmoja tu, dawa ni moja, rudisha ulichokifanya sasa hivi. Usianze kutafuta sababu, usimalize kona kwanza. Kitendo cha mwisho ulichofanya kitendue.

Na tusisahau kinyume chake, flapu zimekwama CHINI zote na hazirudi. Hiyo watu hawaifikirii. Ukitaka kukatiza kutua upae tena na digrii 40 zimening'inia, ndege ndogo inapanda kwa shida. Relei au swichi ikiganda flapu zinaendelea kwenda zenyewe hata umeachia kidole, hapo unavuta breka. Breka ya flapu iwe mahali mkono unafika bila kuangalia, wengine wameweka fyuzi nyuma ya dashi kabisa.

SlingJozi
Mimi niko Johannesburg, nimeshiriki kujenga Sling 4 na jamaa zangu, zile za hapa hapa Afrika Kusini. Flapu zetu ni za umeme pia, na tatizo letu lilikuwa sensa ya kuonyesha nafasi. Sensa ikicheza, kontrola inadhani flapu zimeshafika inakata umeme. @MbawaZaBati una uhakika hujafunga sensa ya skrini?

MbawaZaBati
@SlingJozi sensa ipo lakini inapeleka picha kwenye skrini tu, haikati umeme. Halafu inaguna kabla ya kusimama, kontrola ingekata kimya.

SlingJozi
Sawa, basi la kwangu halikuhusu. Ila kwa wengine watakaosoma, ndege zenye vitufe vya "nusu" na "zote" waanze na sensa.

MzeeWaKibangu
Mimi naona mnazunguka, flapu za umeme ni za nini kwenye ndege ya watu wawili? RV-3 na RV-4 zinanyanyuliwa kwa wenzo wa mkono, Piper Cherokee hivyo hivyo, unavuta kama handibreki, hakuna kaboni hakuna ethi. Na zile CH 701 na Kitfox flapu na eleroni (vipande vya kuilaza ndege) ni kitu kimoja, wenzo tu.

WilsonKona
@MzeeWaKibangu mzee wenzo pia unaharibika. Ile pini ya kushika kwa meno ikilika, wenzo unakuachia flapu zinapanda zenyewe ukiwa futi 100 juu ya ardhi na spidi ndogo. Afadhali mota ikatae kushuka kuliko flapu zikupotee hapo.

NyotaMtoto
Yule jamaa wa Nyeri aliyetengeneza ndege uani kwake miaka ile ya 2010 akaweka injini ya Toyota, na yeye alikuwa na flapu?

FundiAmecha
@NyotaMtoto tumalize hii ya Texas kwanza, ya Nyeri fungua uzi wake tutakuja 😄

Kisiwandui
Mimi nauliza la kutua. Nilisoma mahali ukitua bila flapu ongeza noti 20. Ni kweli?

WilsonKona
@Kisiwandui noti 20 ni nyingi sana kwa ndege ndogo, utaelea mpaka uzio wa pili. Angalia kitabu cha ndege yako, spidi ya kustoli (ile ambayo bawa linaacha kubeba) bila flapu ipo, zidisha kwa 1.3, hiyo ndiyo spidi yako ya kuja. Mara nyingi unakuta umeongeza noti 5 mpaka 10 tu. Na hata hizo zina bei: ukigusa ardhi na spidi iliyozidi asilimia 10, umbali wa kusimama unaongezeka asilimia 21. Pua itakuwa juu kuliko ulivyozoea na ranwei huioni vizuri, mtu akizoea picha ya flapu zote anajikuta anasukuma pua chini na spidi inapanda tena.

Kisiwandui
Na huko kwenu Nairobi juu ya mlima unaongeza nyingine kwa sababu ya hewa nyepesi?

WilsonKona
Hapana! Hapo wengi wanakosea. Kwa saa ya spidi unasoma namba ile ile kama uko Mombasa. Lakini Wilson iko karibu futi 5,500, kwa hiyo spidi yako halisi juu ya ardhi ni kubwa kwa kama asilimia 9, jua likiwaka inazidi. Usiongeze kwa saa, ongeza kwa urefu wa ranwei unayoitaka. Ukiwa na flapu mbovu na mafuta yapo, usione haya kwenda kiwanja kirefu.

Mnana_wa_Florida
Na kama uko juu sana, teleza kwa upande, stiki huku rada (usukani wa mkia) kule. RV inateleza vizuri tu bila flapu. Ila jizoeze juu kwanza, na chunga spidi.

KolaFupi
Naongeza nadharia ya tatu maana naona mbili tu zinapigana. Kwenye RV pushirodi ya flapu inapita kwenye tundu la bati la chini ya bodi. Tundu likiwa dogo, chini inapita sawa, hewani bawa limebeba uzito wa ndege limejikunja kidogo, flapu nayo inasukumwa na upepo, pushirodi inasogea milimita chache inakwaruza ukingo wa tundu. @MbawaZaBati chukua tochi, lala chini ya bawa, angalia pushirodi kama ina mstari uliong'aa. Na bawaba za flapu zile ndefu, angalia pini yake haijatembea na hakuna jicho lililokatika.

MbawaZaBati
Wakuu nimerudi. Nimeshinda hanga na jirani yangu.

Kwanza nimetikisa kama @Mnana alivyosema, zote ziko imara, lokwaya ipo, rangi haijapasuka. Halafu tukafanya hivi: jirani akaweka viganja chini ya ukingo wa nyuma wa flapu ya kushoto akawa anasukuma juu, kuigiza upepo, mimi nabonyeza kushusha. Ikafanya ILE ILE, robo, inaguna, inasimama. Yaani ugonjwa nimeuona chini kwa mara ya kwanza.

Nikapima injini ikiwa imezimwa. Betri 12.5. Kwenye nyaya za mota bila mzigo 12.1. Jirani akisukuma 9.6. Nikaweka multimita kati ya hasi ya betri na hasi ya mota, sehemu kubwa ya hizo volti zinapotelea upande wa ethi. Nimeufungua, chini ya kile kichwa cha waya kuna unga mweupe na rangi ya kijani ya praima haikukwanguliwa vizuri. Nimekwangua, nimebana upya, sasa na mzigo nasoma 11.3.

Muscat_Umeme
Alhamdulillah. Nilisema ethi.

MbawaZaBati
Subiri mzee sijamaliza 😀 Baada ya ethi ikawa inafika nusu, siyo zote, bado inachoka. Nikatoa mota nikafungua. Kaboni zimeloa grisi nyeusi, amecha ina utando kama lami, ukipitisha kitambaa kinatoka cheusi mpaka mara ya nne. Nimesafisha, kaboni zenyewe bado ndefu. Nimerudisha, sasa inashusha zote huku jirani anasukuma mpaka mikono inamtetemeka.

Halafu nikalala chini na tochi. Pushirodi ya kulia ina mstari mwembamba uliong'aa, kama urefu wa kucha, pale pale inapopita kwenye bati. Ya kushoto haina.

KolaFupi
Ndio hiyo sasa! Umeme wote huo mliopima ulikuwa unapigana na bati. Mota imevuta ampea nyingi kwa sababu ilikuwa inakwaruza.

FundiAmecha
@KolaFupi mkuu lakini ugonjwa ameuona chini kwa kusukuma kushoto, na mkwaruzo uko kulia. Bawa chini halijajikunja. Hiyo haiingii. Grisi ndiyo iliyobadilisha kutoka nusu kwenda zote, kila mtu amesoma.

KolaFupi
Flapu zote mbili zinaendeshwa na bomba moja linalopita katikati, ukibana kushoto bomba linajipinda kidogo na kulia kunasogea. Na mstari haukujichora wenyewe.

Muscat_Umeme
Mstari unaweza kuwa wa tangu siku ya kwanza ya kuijenga. Ethi ilikuwa inakula zaidi ya volti moja na nusu, hilo ni la kupimwa, halina mjadala.

Kapteni_Mzizima
Mimi nashika ya grisi, na nasema itarudi. Safisha leo, baada ya miezi utakuwa hapa tena. Agiza mota mpya. Ila @KolaFupi hilo tundu lipanuliwe hata kama si chanzo, chuma kinachokwaruza pushirodi hakiachwi, alumini ikichubuka inaanza ufa hapo.

MbawaZaBati
Tundu nitalipiga faili leo jioni, pushirodi ya kulia nabadilisha kabisa. Waya mpya wa ethi nauvuta moja kwa moja mpaka kwenye hasi ya betri. Mota mpya bado natafakari kwa sababu ya bei. Sijaruka, upepo wa huku wiki hii ni wa pembeni.

WilsonKona
Ukiruka usijaribu mara ya kwanza ukiwa unaenda kutua. Panda futi 3,000 juu ya ardhi, punguza mpaka maili 75, shusha robo, subiri, angalia nje flapu zote mbili kwa macho, si kwa skrini. Nusu, angalia tena. Halafu zote. Kisha rudia kwa 85, na 90. Kidole kikae kwa swichi ya kurudisha. Na uandike kwa karatasi imekwama wapi kwa spidi gani, hapo ndio tutajua nani kati yetu alikuwa karibu.

MzeeWaKibangu
Na hiyo Arkansas isubiri kwanza.

MbawaZaBati
Ndugu nimeshamwambia, anakuja yeye kwa gari. Nikiruka naweka namba hapa.

Muscat_Umeme
Upime na volti za kwenye mota ukiwa hewani, funga nyaya mbili ndefu mpaka kwa abiria ashike multimita. Usishike wewe.

FundiAmecha
Na kaboni zipige picha kabla ya kufunga, nataka kuziona.